Sanamu za Kigothi: Yasemwayo na Yaliyochongwa

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuhusu sanamu za Kigothi, zile zilizochongwa kwenye makanisa makuu ya Ulaya tangu miaka ya 1140 hadi karibu mwaka 1500, mengi yasemwayo hayapo kwenye jiwe. Yalikuja baadaye. Yaliletwa na watu waliozikuta sanamu hizo rangi zimekwisha kufifia na vichwa vimekatwa, na wengine wakaziongezea vitu ambavyo wachongaji wake hawakuvijua kamwe.

Madai hayo nimeyasikia darasani, nimeyaona kwenye filamu, na nimeyasoma kwenye vitabu vya watalii. Nayajibu moja baada ya jingine kwa sababu naamini kazi ya mikono ya binadamu inastahili kuangaliwa kwanza ndipo ihukumiwe.

Dai la kwanza: Ni kazi ya Wagothi, watu washenzi

Wagothi waliuteka mji wa Roma mwaka 410. Sanamu za mwanzo za mtindo huu zilisimamishwa kwenye abasia ya Saint-Denis, kaskazini mwa Paris, pale Abati Suger alipojenga upya uso wa kanisa lake na kuukamilisha mwaka 1140. Kati ya matukio hayo mawili ipo miaka zaidi ya 700. Hakuna Mgothi aliyeshika patasi pale.

Jina hilo lilizaliwa Italia, kwa waandishi wa Renesansi waliopenda sanaa ya Roma ya kale na kudharau yote yaliyoifuata. Giorgio Vasari, katika kitabu chake cha maisha ya wasanii kilichotoka mwaka 1550, aliwatupia Wagothi lawama ya ujenzi huo, akimaanisha kwamba ni wa kishenzi. Waliojenga hawakujiita hivyo. Mwandishi mmoja wa Kijerumani wa karne ya 13, akieleza kanisa la Wimpfen lililokuwa likijengwa upya, aliiita kazi ya Kifaransa, kwa kuwa mtindo ulitoka Ufaransa.

Jina limeshazoeleka na hatuwezi kulifuta. Ila tulitumie tukijua kwamba lilianza kama tusi, na tusi halielezi tabia ya aliyetukanwa.

Dai la pili: Ni mawe makavu ya kijivu

Dai hili ndilo linaloenea kuliko yote, maana macho yenyewe yanalithibitisha. Ukisimama leo mbele ya kanisa kuu la Amiens au Reims unaona jiwe tupu. Lakini unachokiona ni kile kilichobaki baada ya miaka 800 ya mvua, moshi na mikono ya wasafishaji.

Sanamu hizi zilipakwa rangi. Mchongaji alipomaliza, mchoraji alianza: koti jekundu, joho la buluu, pindo la dhahabu, wekundu wa mashavu, weusi wa mboni. Kazi haikuhesabiwa kuwa imekwisha kabla ya rangi kukauka. Miaka ya 1990, mafundi walipousafisha uso wa kanisa la Amiens kwa mwanga wa leza, walikuta mabaki ya rangi yamejificha chini ya masizi. Huko Lausanne, Uswisi, lango zima la karne ya 13 lingali na sehemu kubwa ya rangi zake hadi leo.

Ushahidi wenye kugusa zaidi uko Paris. Uso wa Notre-Dame ulikuwa na safu ya wafalme 28 wa Yuda, mababu wa Kristo. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, wananchi wenye hasira waliwadhania kuwa wafalme wa Ufaransa, wakawaangusha na kuwakata vichwa. Kwa karibu miaka 200 vichwa hivyo vilihesabiwa kuwa vimepotea. Kisha, mwaka 1977, mafundi waliokuwa wakichimba kwenye ua wa jengo moja katika mtaa wa Chaussée-d'Antin walivikuta 21 vimefukiwa. Sasa vimo katika Jumba la Makumbusho la Cluny. Pua zimevunjika, mataji yamepasuka, lakini ukikisogelea kimoja unaona wekundu uliosalia kwenye midomo. Ardhi ilihifadhi kile ambacho jua na mvua vingekimaliza.

Baada ya moto wa tarehe 15 Aprili 2019, ardhi ya Notre-Dame ilisema tena. Wanaakiolojia waliochimba chini ya sakafu mwaka 2022 walifukua mamia ya vipande vya ukuta wa mapambo uliowatenganisha mapadre na waumini katika karne ya 13: nyuso, mikono, majani, na rangi ikiwa bado imeshika. Baada ya hapo, anayesema sanamu hizi zilikuwa za kijivu anasimulia uzee wa sanamu tu. Ujana wake hajauona.

Dai la tatu: Ni sanaa ya mazimwi, giza na kifo

Chanzo cha dai hili kinajulikana, na tarehe yake pia. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alichapisha riwaya ya kutisha kuhusu ngome ya Otranto, na toleo lililofuata akaliita hadithi ya Kigothi. Tangu hapo neno hilo likashikamana na mizimu, na filamu zikaendeleza pale riwaya zilipoishia.

Halafu kuna yule zimwi maarufu mwenye pembe na mbawa, anayeegemea ukingo wa Notre-Dame mikono mashavuni, ulimi nje, akiutazama mji wa Paris. Amechapishwa kwenye kadi nyingi za posta kama roho ya Zama za Kati. Yeye ni wa karne ya 19. Aliwekwa pale katika ukarabati ulioongozwa na Eugène Viollet-le-Duc, uliomalizika mwaka 1864. Mchongaji wa mwaka 1220 hakupata kumwona. Wanyama wa ajabu waliokuwepo kweli katika Zama za Kati wengi wao walikuwa na kazi ya kufanya: ni midomo ya mifereji inayotema maji ya mvua mbali na ukuta ili chokaa isiliwe.

Ni kweli kwamba juu ya mlango mkuu wa makanisa mengi umechongwa mwisho wa dunia, na mashetani wanawaburuta waliolaaniwa. Ni kweli pia kwamba makaburi yenye sanamu za maiti zilizokauka yapo, kama la Kardinali Jean de Lagrange wa Avignon aliyefariki mwaka 1402. Hilo lilichongwa baada ya Tauni Kuu ya miaka ya 1347 hadi 1351, na haliwezi kupewa usemaji wa karne mbili zilizotangulia.

Shuka macho uone kilicho usawa wa uso wa mpita njia. Pale Amiens, kwenye msingi wa lango, zimechongwa kazi za mwaka mzima, kila mwezi na nyota yake ya buruji. Juni mtu anafyeka majani. Julai anavuna. Oktoba anakanyaga zabibu, Novemba anapanda, Desemba anachinja nguruwe. Mkulima asiye na jina amepewa nafasi kwenye ukuta mmoja na manabii. Nenda Southwell, Uingereza, kwenye ukumbi wa mikutano wa mapadre wa mwishoni mwa karne ya 13: vichwa vya nguzo vimefunikwa na majani ya mwaloni, mzabibu na hopsi yaliyochongwa kwa uaminifu kiasi kwamba mtaalamu wa mimea anayataja kwa majina. Hiyo si kazi ya mtu anayeichukia dunia.

Na pale Reims yupo malaika anayetabasamu. Alichongwa katikati ya karne ya 13. Kichwa kimeinama kidogo upande, macho yamejibana, na tabasamu limeanza kwenye pembe za mdomo likapanda hadi mashavuni, kama la mtu aliyebeba habari njema na hawezi kuificha. Tarehe 19 Septemba 1914 mabomu ya jeshi la Ujerumani yaliwasha moto jukwaa la mbao lililokuwa limezunguka mnara, na kichwa cha malaika kikaanguka na kuvunjika. Vipande viliokotwa, vikaunganishwa, na mwaka 1926 kichwa kilirudishwa mahali pake. Mji ambao nyumba zake nyingi zilikuwa zimegeuka kifusi ulijitaabisha kulirudisha tabasamu.

Dai la nne: Hawakujua kuchonga mwili wa binadamu

Wanaosema hivi huonyesha Lango la Kifalme la Chartres, lililochongwa karibu mwaka 1145 hadi 1155. Wafalme na malkia wa Agano la Kale wamesimama pale wembamba, warefu kupita kiasi, mikono imebanwa kifuani, miguu imening'inia kama isiyogusa chini. Basi, wanasema, huyu hakujua vipimo.

Angalia vizuri mahali sanamu hizo zilipo. Kila moja imechongwa pamoja na nguzo yake katika jiwe moja. Mchongaji alikuwa akitengeneza mtu ambaye ni nguzo, anayelishika kanisa kama mababu wanavyoushika ukoo. Mikunjo ya kanzu inateremka wima kama mifereji ya nguzo. Sasa pandisha macho kwenye nyuso: kila moja ni mtu mwingine, tulivu, mwenye fikra zake. Aliyeweza kuuchonga uso ule angeweza kuuchonga mwili, kama ndicho alichotaka.

Na fuata miaka. Moto wa mwaka 1194 uliteketeza sehemu kubwa ya kanisa la Chartres na kuliacha lango hilo. Sanamu zilizochongwa kwa ajili ya kanisa jipya zinaanza kugeuza shingo na kukanyaga chini. Kule Reims, Maria anapomzuru Elisabeti, wanawake wawili wamejifunika mavazi mazito yenye mikunjo kama ya sanamu za Roma ya kale. Uzito wa mwili umeegemea mguu mmoja, na uso wa Elisabeti umeshaingia mikunjo ya uzee. Karibu mwaka 1250, kule Naumburg, Ujerumani, mchongaji aliwasimamisha wafadhili 12 wa kanisa. Mmoja wao, Uta, ameivuta kola ya joho lake hadi shavuni, na chini ya kitambaa unaliona umbo la mkono wake. Uta alikuwa amefariki karibu miaka 200 kabla. Mchongaji hakuwahi kumwona. Alichonga alichokijua kuhusu wanadamu: namna mtu anavyojikinga na baridi, au na macho ya watu.

Wapo pia wanaodai kwamba Maria wa Kigothi anapinda kiuno kwa sababu sanamu ndogo zilichongwa kwenye pembe za ndovu zilizopinda, na wachongaji wa mawe wakaiga. Umbo la jino linaweza kumwongoza anayelichonga. Lakini Maria wa jiwe pale Amiens, anayeitwa wa dhahabu kwa rangi aliyokuwa nayo, anapinda vilevile, na jiwe lake halikupinda. Mwanamke yeyote aliyewahi kubeba mtoto kiunoni anajua sababu. Nyonga inatoka nje ili mtoto apate pa kukalia, na bega la pili linashuka. Mchongaji aliwatazama akina mama.

Dai la tano: Ilikuwa Biblia ya wasiojua kusoma tu

Papa Gregori Mkuu, karibu mwaka 600, aliandika kwamba picha kanisani huwafundisha wasiosoma. Maneno yake yana ukweli. Lakini kuyafanya maelezo ya kila kitu ni kuwapunguzia heshima waliochonga na waliotazama.

Rudi Chartres, lango la kulia. Kumzunguka Maria na Mwanawe zimechongwa elimu saba zilizofundishwa katika shule iliyokuwa pale pale: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometri, muziki na falaki. Sarufi ni mwanamke aliyeshika fimbo, na miguuni pake wanafunzi wawili, mmoja akimvuta mwenzake nywele. Muziki anagonga kengele kwa nyundo. Chini ya kila elimu ameketi mwanachuoni wa kale akiandika, na wataalamu humtambua Pythagoras chini ya Muziki na Aristotle chini ya Mantiki. Wapagani hao wa Ugiriki wamewekwa kwenye mlango wa kanisa, kwa sababu waliojenga waliamini kwamba akili nayo ni njia ya kumfikia Mungu. Asiyesoma angewacheka watoto wale na kuelewa fimbo ya mwalimu. Msomi angeona zaidi. Jiwe moja lilisema na wote wawili.

Tena, wafalme na malkia wa lango hilo majina yao yanabishaniwa na wataalamu hadi leo. Kitabu cha wasiosoma kisingewashinda maprofesa.

Dai la sita: Wachongaji walikuwa watawa wanyenyekevu wasiotaka majina

Ni hadithi nzuri, ila haisimami. Karibu mwaka 1268 Étienne Boileau, msimamizi wa mji wa Paris kwa niaba ya mfalme, aliandikisha kanuni za vyama vya mafundi, na wachonga sanamu walikuwemo kama walivyokuwemo waokaji na wafumaji. Hawa walikuwa mafundi wa mjini, wenye wanagenzi na ujira.

Majina mengi yamepotea, lakini si kwa kukataliwa na wenyewe. Nicola Pisano aliweka jina na mwaka, 1260, kwenye mimbari ya nyumba ya ubatizo ya Pisa. Mwanawe Giovanni, alipomaliza mimbari ya Pistoia mwaka 1301, aliandikisha kwenye jiwe kwamba ujuzi wake umempita baba yake. Hapo hakuna unyenyekevu wa kujificha.

Kwa Claus Sluter tunajua hata zaidi, kwa sababu hesabu za mtawala wa Burgundy zimehifadhiwa. Kati ya mwaka 1395 na 1403 alichonga, kwenye nyumba ya watawa nje ya Dijon, manabii sita wakubwa waliozunguka nguzo ya kisima. Musa ana ndevu zinazoporomoka kama maji. Jean Malouel alizipaka rangi sanamu hizo. Na katika hesabu hizo limo jina la sonara Hannequin de Hacht, aliyelipwa kwa kutengeneza miwani ya shaba ya kumvalisha nabii Yeremia. Miwani imepotea, Yeremia bado anasoma. Mchongaji, mchoraji na sonara, kila mmoja na jina lake, walishirikiana ili mzee wa jiwe aweze kuona kurasa zake.

Dai la saba: Ni sanaa ya upendo mtupu, isiyomdhuru mtu

Hili ni dai la sisi tunaozipenda, nalo lazima lijibiwe. Kwenye lango la kusini la kanisa kuu la Strasbourg walisimama wanawake wawili waliochongwa karibu mwaka 1230. Mmoja ni Kanisa, mwenye taji na msalaba. Wa pili ni Sinagogi, anayewakilisha dini ya Kiyahudi: macho yamefungwa kitambaa, mkuki umevunjika, mbao za sheria zinamponyoka mkononi. Ni sanamu nzuri mno, na uzuri huo ulitumika kutangaza kwamba jirani ni kipofu aliyeshindwa. Tarehe 14 Februari 1349 Wayahudi wa mji huo huo walichomwa moto kwa mamia. Sisemi kwamba sanamu ndiyo iliyowasha moto. Nasema kwamba waliouwasha walikuwa wamezoea kuliona lile lango. Anayeipenda sanaa hii na alione hilo pia.

Dai la nane: Afrika haimo

Afrika imo, na inaonekana kwa macho.

Kwenye kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, ipo sanamu ya Mtakatifu Maurisi ya karibu mwaka 1240 hadi 1250. Kwa mapokeo ya Kanisa, Maurisi alikuwa kamanda wa kikosi cha Kirumi kutoka Thebe, Misri, aliyeuawa pamoja na askari wake kwa kukataa kuisaliti imani. Mchongaji wa Magdeburg alimfanya Mwafrika mweusi: pua pana, midomo mizito, ngozi iliyopakwa rangi ya kahawia nzito, uso umezungukwa na deraya ya minyororo ya chuma. Miguu yake imevunjika, lakini kifua kimesimama wima. Si mtumwa na si kichekesho. Ni mlinzi wa kanisa na askari wa heshima, na watu wa mji ule walipiga magoti wakimwomba awaombee.

Afrika imo pia katika mali ghafi. Maria na Mwanawe wa Sainte-Chapelle, sanamu ya sentimita 41 iliyochongwa Paris karibu mwaka 1260 na sasa imo Louvre, ni ya jino la tembo, na meno makubwa ya namna hiyo yalitoka Afrika. Wanahistoria wanazitaja njia mbili: misafara ya kuvuka Sahara, na majahazi ya pwani ya Afrika Mashariki kupitia Bahari ya Shamu hadi Misri. Biashara ya pembe za ndovu ya pwani yetu ilikuwa ya kale. Al-Masudi, katika karne ya 10, alikwisha kueleza jinsi pembe za nchi ya Zanj zilivyosafirishwa hadi Oman, na kutoka huko hadi India na China. Fundi wa Paris huenda hakujua jina la pwani yoyote ya Afrika, lakini aliushika mkononi uzito wa bara hili.

Wachongaji hao hawawezi kujitetea, lakini kazi yao bado imesimama. Siku utakapopata nafasi ya kusimama mbele yake, au hata mbele ya picha yake nzuri, usianze na jina wala na hadithi ya filamu. Anza na uso. Tafuta mabaki ya rangi kwenye midomo, angalia mkono ulio chini ya kitambaa, mtazame mtoto anayemvuta mwenzake nywele. Jiwe lenyewe ndilo shahidi wa kwanza, basi lisikilizwe kabla ya sisi sote.